Pale Wanapokaa Wadogo

Mara ya kwanza Madame Nyiransengimana kuingia katika depo yangu ya mbao pale Birere, mjini Goma, hakuja kununua. Alikuja kuomba vipande vinavyobaki baada ya msumeno, vile tunavyowauzia wamama wakawashie moto. Nikamwambia hata kipande kina bei yake. Hakubishana. Aliokota kimoja cha mkaratusi mbichi na kimoja cha libuyu, mbao ya msitu wa Walikale, akaniuliza nikivitia vyote viwili ndani ya maji, kipi kitazama. Nikamjibu kwamba mimi nauza mbao, siziogeshi.

"Papa Jamila, nani amekuuliza unauza nini? Bashiri kwanza, kisha tuone."

Alinijua kwa jina la binti yangu, aliyekuwa darasa lake la tano. Wafanyakazi wangu wakaanza kucheka, nami sipendi kuchekwa mbele ya wateja, basi nikabashiri kwamba libuyu itazama kwa sababu ni nyeusi na ni ya msituni. Ilielea. Ulizama mkaratusi. Miaka yote ile nanunua mbao kwa macho, na mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amenionyesha kwa ndoo moja ya maji kwamba macho yangu yanaangalia rangi. Aliondoka na vipande vyake bila kulipa. Tangu siku ile nikawa namheshimu, na heshima yangu haigawiwi ovyo.

Ndivyo alivyofundisha kila kitu. Kabla hajaonyesha jambo, kila mtoto aliandika kwenye kibao chake anachofikiri kitatokea. Aliyekosea hakuchekwa, aliulizwa tu kilichomfanya afikiri hivyo, na mara nyingi kosa lake ndilo lililofanywa somo. Vipande vyangu alivipigilia kama ngazi ndani ya beseni, akasimamisha mshumaa mfupi kwenye kila daraja, akamwaga magadi chini, ile ya kulainishia maharage, kisha akamimina maji ya ndimu. Povu likapanda kidogo na kutulia. Mshumaa wa chini ukazimika bila mtu kuupuliza. Ukafuata wa juu yake. Wa juu ukaendelea kuwaka. Darasa zima, kwa jinsi Jamila alivyonisimulia mezani, lilinyamaza kama kuna mtu ameingia.

Akawauliza kitu hicho kiko wapi, maana hakionekani na hakinuki. Wakajibu kiko chini, kinajaa kama maji. Sikulitia maanani. Nilikuwa nakula.

Madame alizaliwa Kibati, kwenye njia inayopanda kaskazini kuelekea Rumangabo, ambako mlima unakaa juu ya kila nyumba. Baba yake, Harelimana, alikuwa mbebaji wa mizigo ya wataalamu waliokwenda kupima volkano. Aliporudi nyumbani hakusimulia wanachokijua wale watu. Alisimulia wanachouliza. Binti yake alikuwa akiniambia kwamba utoto wake wote ulijaa maswali ambayo hakuna aliyekuwa na jibu lake, na hiyo ndiyo mali pekee aliyoirithi, kwa sababu ng'ombe walikwisha katika vita. Hakuolewa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba watoto walilazimika kutulia ili wamsikie.

Januari ya mwaka 2002 mlima ulipasuka na lava ikapita katikati ya mji. Shule yetu iliondoka na kartie nzima, mtaa wote. Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka tulikanyaga lava ingali na joto, viatu vinanuka mpira, na pale palipokuwa darasa la tano palikuwa na jiwe jeusi lililokunjamana kama nguo iliyotupwa. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Serikali ya mbali ilikuwa imesahau kwamba kuna walimu Goma, wazazi ndio tuliowalipa. Hatukuwa na wa kumlilia, tukaunda komite.

Prezida wa komite alikuwa Papa Twagirimana, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Masisi, mtu mkubwa wa mwili na wa jina, mwenye kucheka kwa sauti na kukaa daima kwenye kiti kilicho imara kuliko vingine. Alitoa parseli yake, kiwanja kikubwa upande wa magharibi, njia ya Lac Vert, na hakutaka chochote isipokuwa kushukuriwa. Nusu ya parseli ilikuwa juu, mawe matupu ya lava ya zamani, upepo wa ziwa unapiga mchana kutwa. Nusu ya pili ilikuwa bondeni, shimo pana lenye majani mabichi ajabu. Huko juu tulijenga vyumba vya mbao. Bondeni, kwa sababu hakuna upepo, Prezida alijenga kwa mfuko wake chumba kimoja cha saruji, madirisha juu kabisa ili vumbi lisiingie, na kizingiti kirefu mlangoni ili maji ya mvua yasiingie. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote. Akakitoa kwa darasa la kwanza, kwa heshima ya wadogo, na mjukuu wake Niyigena alikuwa mmoja wao.

Madawati machache tuliyookoa yalikwenda kwa darasa la sita, wale wa mtihani. Ndiyo desturi, hakuna aliyeuliza. Wadogo walikuja kila mmoja na kipande chake cha mkeka, wakakaa sakafuni. Waliingia alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa sababu mchana vyumba vilitumiwa na shule nyingine iliyokuwa imemezwa na lava kama yetu.

Kitu cha kwanza kilichosemwa juu ya chumba kile kilikuwa sifa. Mwalimu Aubin, kijana aliyefundisha darasa la kwanza, alikuwa na darasa tulivu kuliko yote shuleni. Direkta wa shule alipita akichungulia dirishani na kuwaonyesha wazazi: tazameni, watoto wadogo hivi, na hakuna kelele. Walikaa wamejiegemeza ukutani, macho nusu wazi. Waliitikia alfabeti polepole, wengine wakichelewa nyuma ya wengine, na sauti ikawa kama inatoka mbali. Ilipofika mapumziko ilibidi wengine wabebwe. Nje, juani, walitapika kidogo, wakalalamika kichwa, kisha wakaanza kukimbia kama watoto wengine. Njaa, tukasema. Malaria. Mmoja alimwambia mama yake kwamba asubuhi kuna mtu anakuja kumkalia kifuani, lakini si mtu mbaya, anataka tu wote walale.

Maneno hayo yalifika sokoni kabla ya saa sita. Na Goma haikosi wafu wa kusingiziwa. Tangu mwaka 1994, wakati wa kambi za wakimbizi na kipindupindu, hakuna anayejua hakika ni nani amelala chini ya parseli ipi. Wakasema wale wa kambi wanawaita watoto. Wachache walilitaja neno mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mashimoni, inayoua mbuzi bila jeraha. Kila mtu wa upande ule anaijua. Lakini mazuku iko porini, walisema, iko kwenye mashimo ya Lac Vert. Utaiona kwa ndege waliokufa. Nani aliwahi kusikia mazuku imeingia kwenye nyumba ya saruji yenye kufuli? Tena bondeni kwetu hapakuwa hata na panzi mfu. Palikuwa safi kuliko meza.

Mlinzi wa shule alikuwa Muzee Viateur. Alilala kwenye baraza la vyumba vya juu. Mvua zilipoanza, na doria za waasi zikaanza kuwasumbua watu wanaolala nje, Mwalimu Aubin akamwachia ufunguo wa chumba cha saruji. Asubuhi moja wadogo walifika wakakuta mlango umerudishwa bila kufuli. Walipousukuma walimwona Muzee amelala juu ya mkeka wake, mkono chini ya shavu, uso mtulivu na mwekundu kidogo kama wa mtu aliyetoka kuota moto. Hakuna damu, hakuna povu. Kando ya mkeka koroboi ilikuwa imezimika na mafuta yake yamo tele.

Uzee, akasema Papa Twagirimana, akachangia sanda na jeneza. Lakini shule ilisimamisha darasa la kwanza, wadogo wakakaa nyumbani wiki nzima kwa maombolezo, na chumba kikafungwa.

Madame alikuja msibani. Baada ya mazishi alikwenda kukaa na mjane, Mama Mukamugema, akamsaidia kumenya viazi, na katikati ya viazi yule mama akasema jambo ambalo Madame alinirudia nalo depo siku ileile. Mumewe alikuwa anaamka mapema kuliko kazi yake ilivyotaka. Kila alfajiri alishuka bondeni na fagio na gunia. Alifagia ndege waliokufa, mijusi, panya, vipepeo, siku moja paka, wote bila jeraha, akawafukia mbali kabla watoto hawajafika. Aliogopa wataitwa wenye kuroga shule, yeye na mkewe. Akamkataza mkewe asimwambie mtu.

"Alikuwa anafagia onyo," Madame akaniambia. "Kila siku. Na sisi tukisema pako safi."

Nikamuuliza anataka nini kwangu. Akasema hataki kitu bado, anataka kwanza kuwa na hakika.

Kesho yake alfajiri alishuka na darasa la tano hadi ukingo wa bonde, hatua moja zaidi hakuwaruhusu. Walibashiri kwenye vibao. Akafunga mshumaa ndani ya mkebe, mkebe kwenye waya mrefu, akasimama mlangoni na kuuteremsha ndani ya chumba pole pole. Jamila anasema mwali haukuyumba. Ulipofika usawa wa paja la Madame ulifupika, ukageuka kama unang'oka kwenye utambi, ukaondoka. Akauwasha tena, akauteremsha tena, ukaondoka palepale. Mara ya tatu watoto walionyesha kwa vidole mahali ambapo utazimika, nao ukazimika hapo. Hawakushangilia. Mmoja aliuliza kama Muzee Viateur alikuwa ameuona moto wake ukiondoka vile, na Madame akasema hajui.

Watoto wana midomo. Kabla ya saa tatu asubuhi mji ulijua kwamba mwalimu wa darasa la tano anapeleka watoto wa watu nyumbani kwa maiti na mishumaa. Komite ikaitwa asubuhi ileile. Papa Twagirimana alikuja na hasira iliyopigwa pasi, amevaa koti. Alisema chumba kile ni jina lake, na kwamba Madame ama aonyeshe hicho kitu mbele ya wakubwa, ama aache kazi na darasa la kwanza lirudi chumbani Jumatatu. Tukashuka wote bondeni. Mlango ulikuwa umefunguliwa tangu asubuhi, jua limeshika ukuta, upepo wa ziwa umeamka. Madame akateremsha mkebe. Mshumaa ukawaka hadi kwenye paja, hadi kwenye goti, hadi sakafuni. Ukawaka vizuri.

Prezida aliingia, akatembea chumba kizima mikono mgongoni, akapumua kwa nguvu kwa pua. "Hewa safi kama ya Masisi," akasema. "Muwalimu, hii shetani yako imeenda kunywa chai?"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa sababu ulikuwa utani mzuri. Madame akazima mshumaa kwa vidole. Direkta akaandika kwamba Jumatatu darasa la kwanza litarudi chumbani, na kwamba Madame apewe barua ya mwezi mmoja wa kujifikiria kabla ya kuachishwa.

Mwalimu mwingine angekwenda kulia. Yeye alirudi darasani, akawaambia watoto kwamba ubashiri wao umeshindwa mbele ya watu, na kwamba hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote waliyopata mwaka ule, basi wamwambie sababu. Wakakaa nalo mchana mzima. Mmoja akasema mshumaa ulikuwa mwingine. Mwingine akasema wakubwa waliitia hofu hiyo hewa. Madame alizichukua zote, hata ile ya mshumaa, akaijaribu na kuiondoa. Mwishowe wakafika: alfajiri mlango ulikuwa umefungwa na hakuna upepo, saa nne mlango ulikuwa wazi na upepo umepiga. Beseni ukilitikisa linamwagika. Kisha Jamila akauliza swali ambalo lilimleta Madame kwangu akitembea haraka: sasa chumba kitafungwa tena kuanzia leo Ijumaa, usiku wa leo na wa kesho na wa keshokutwa. Jumatatu kitakuwa kimejaa mpaka wapi?

Jumatatu alfajiri wangeingia wadogo na kukaa sakafuni.

Nilimwambia Madame kwamba kesi yake haiko kwenye hewa. Iko kwa mtu mmoja, na mtu huyo amekwisha sema neno mbele ya watu. Mtu aliyesema neno mbele ya watu humwondoi kwenye neno lake kwa ukweli. Akaniuliza basi nitamwondoa kwa kitu gani. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu, yeye afanye ya kwake.

Nilimkuta Papa Twagirimana kwake, anakunywa maziwa. Sikumtaja Madame. Niliongea juu ya bei ya bati, juu ya vizuizi vya waasi kwenye njia ya Sake. Wakati wa kuaga ndipo nikasema kwamba Birere watu wana maneno ya kijinga.

"Maneno gani?"

"Ya kijinga, Papa Prezida. Eti wewe mule unaingia jua likishapanda tu."

Alifuta mdomo. "Nani anasema?"

"Si unaijua Birere. Hakuna anayesema, wote wanasema. Mimi ningekaa humo siku moja, alfajiri, pale wanapokaa batoto, somo moja tu. Maneno yangekufa."

Akasukuma kikombe cha maziwa kando. Ni mtu wa mnada, anajua anapouziwa kitu. Lakini bidhaa ilikuwa jina lake mwenyewe, akainunua.

Jumatatu ilikuwa bado kijivu tulipofika. Wazazi walikuwa juu, barabarani, wamewashika wadogo mikono, Niyigena na kipande chake cha mkeka kwapani. Madame aliwaomba wasishuke mpaka aite, na darasa la tano walipangwa mstari mbele yao kama ua, vibao vifuani. Hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia. Juu kule mbwa wa kartie walikuwa wanabweka, lakini ukishuka bondeni sauti zilibaki nyuma yako, na majani yale mabichi yalikuwa yamesimama wima bila kutikisika. Tulishuka watatu: Prezida, Madame na mimi. Nilihisi joto kidogo kwenye vifundo vya miguu, na puani kitu kama uchachu wa bia ya Primus iliyofunguliwa sasa hivi.

Madame alitaka kumfunga kamba kifuani. Prezida akasema yeye si mbuzi. Madame akataka basi aahidi kwamba akiambiwa simama atasimama. Akacheka, akasema kwamba tangu baba yake afe hakuna anayemwambia simama. Nikafungua kufuli. Madame akateremsha mkebe mlangoni, na mshumaa ukaondoka usawa wa kiuno chake. Hatukuwa hata ndani.

"Papa Prezida," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya darasani, "umeona. Inatosha. Tusiingie."

"Mushumaa ni mushumaa," akajibu. Akaruka kizingiti, akaenda mpaka ukutani, akakusanya koti lake, akakaa sakafuni. Mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona mtu yule chini. Alikuwa anaonekana mdogo.

Tulisimama mlangoni. Alianza kuongea, alitupigia hadithi ya fahali wa Masisi aliyekataa kuvuka daraja. Madame akamwambia asimame. Akaendelea na fahali. Pumzi zake zikawa za haraka kama za mtu anayepanda mlima, na hakuonekana kulitambua hilo. Madame akamwambia tena. Akatabasamu, akanyanyua mkono kidogo kama anayetuliza watu, na mkono ukarudi chini wenyewe. Hadithi ikasimama katikati. Akageuza kichwa, akasikiliza upande wa ukuta.

"Nyamazisheni hao batoto," akasema polepole. "Banasoma nini sasa hivi, somo halijaanza."

Hakuna mtoto aliyekuwa anasoma. Tulisikiliza wote, siwezi kukataa.

Akaegemea, akateleza kwa ubavu, shavu likagusa sakafu.

Nilitaka kukimbia nikamwinamie, na ningemwinamia. Hivyo ndivyo watu wanavyokufa kwenye mashimo yale, wa pili akimfuata wa kwanza na wa tatu akimfuata wa pili, kwa sababu hatuwezi kumwona mtu wetu yuko chini tukabaki tumesimama. Madame alinishika ukosi wa shati akanirudisha nyuma kwa nguvu nisizozijua.

"Vuta pumzi hapa juu. Funga mudomo. Ndipo uiname. Pumzi ikikwisha umwachie, utoke."

Tukavuta, tukaingia. Nilishika kwapa moja, yeye jingine. Mtu mzito yule. Tulimfikisha kwenye kizingiti, na kizingiti kile kilichojengwa kuzuia mvua kilituzuia sisi. Kifua changu kilikuwa kinapasuka, nikamwachia, nikatoka, nikavuta hewa, nikarudi. Madame hakuwa amemwachia. Macho yake yalikuwa yamekodoka, mdomo umefungwa kama kufuli. Tulimvusha pamoja na tukamburuta kupanda mteremko hadi jua la kwanza lilipokuwa linagusa mawe. Hapo ndipo Madame alipofungua mdomo, na sauti aliyovutia pumzi niliisikia siku nyingi.

Niyigena alimwita babu yake. Hakuitika. Mke wa Prezida, aliyekuwa kati ya wazazi, akaanza kumwita mumewe kwa jina la mama yake mzazi, kama wanavyoitwa wafu, wanawake wakaanza kulia. Kisha tumbo la Prezida likapanda, likashuka, likapanda. Akatapika juu ya koti. Rangi ikamrudia. Darasa la tano walikuwa wamesimama mahali pao bila kusogea, wamenyanyua vibao, na kwenye vibao walikuwa wameandika kiuno, kiuno, kiuno. Mmoja tu alikuwa ameandika goti, naye alikuwa anakifuta kwa kiwiko.

Alipoweza kukaa, Prezida alimtafuta Madame kwa macho. Hakumshukuru. Alimuuliza ni darasa gani lililokuwa linasoma. Madame akamwambia hakuna. Akauliza tena, kana kwamba hakujibiwa, na Madame akarudia. Aliangalia mkeka chini ya kwapa la mjukuu wake kwa muda mrefu.

Komite ilikaa palepale juu ya mawe, hakuna aliyetaka kiti. Direkta, ambaye ni mtu wa kuhifadhi vitu, akasema darasa la kwanza lisome nje, lakini chumba kiwe stoo, au kipangishwe; tayari kulikuwa na familia iliyokimbia vita Masisi inayotafuta pa kulala. Wengine wakaitikia. Saruji ni saruji. Madame akasema nyumba yenye bati haikai tupu katika Goma hii. Mutaifunga, wataivunja kufuli. Mutawakataza, watalala humo mvua ikinyesha, na watawalaza watoto chini ya kuta kwa sababu hakuna upepo. Alisema ibomolewe, na si bati tu, hata ukuta uondoke mpaka msingi, maana kuta ndizo zinazoikinga ile hewa isimwagike.

Wakamtazama Prezida. Ni fedha yake, ni jina lake pale juu ya mlango.

"Mubomoe," akasema. "Mpaka kizingiti."

Tulibomoa wiki ile, mchana tu, upepo ukipiga, na mtu mmoja daima amesimama akiangalia wanaoinama. Bati nilizichukua mimi kwa bei ambayo mimi na Prezida wote wawili tuliilalamikia. Mawe ya msingi wazazi waliyapandisha juu kwa mikono, na ndiyo yaliyofanywa viti vya darasa la kwanza, nje, kwenye upepo, ambako walipiga kelele kiasi kwamba Mwalimu Aubin alikuwa anapoteza sauti. Madame hakuondolewa kazi. Hakuna aliyefuta barua ya ule mwezi mmoja; ilipita tu, kama mambo yanavyopita kwetu.

Siku ya mwisho ya kubomoa wadogo walisimama ukingoni wakitazama pale palipokuwa darasa lao. Palibaki udongo uliokanyagwa, na pembeni majani yale. Niyigena akamshika Madame sketi, akamuuliza kama kile kitu kimekwenda sasa.

Nilimtazama ili nisikie atamdanganya vipi mtoto. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mdogo.

"Hapana," akasema. "Iko palepale. Sisi ndio tumetoka."

Akawapanga mstari, akawapandisha juu, yeye akiwa wa mwisho.